Kwa nini mtindi unaharibika kila unaporudia chachu ya jana

Swali: "Natengeneza mtindi wa kuuza hapa Arusha, kama lita 20 kwa siku. Nachemsha maziwa, nayaacha yapoe hadi yabaki na umoto kiasi, natia mtindi wa jana, kisha nafunika ndoo kwa blanketi mpaka asubuhi. Nilianza na chachu ya dukani, na mwanzoni mtindi ulikuwa mzito na laini. Sasa umekuwa mkali mno, maji yanajitenga juu, na siku nyingine maziwa hayagandi kabisa. Jirani ananiambia bakteria wamechoka, niongeze bakteria wa aina nyingi. Lakini bibi yangu kule Monduli alikuwa na kibuyu tu, hakuwahi kununua chachu, na maziwa yake yaliganda miaka yote. Shida yangu ni nini?"

Jibu:

Dada, bakteria wako hawajachoka. Chachu uliyonunua, kama ni ya kawaida ya mtindi wa joto, ina aina mbili za bakteria, na karibu kila unacholalamikia kinatokana na jinsi hao wawili wanavyolishana na kushindana. Uwiano wao unaubadilisha wewe kila usiku bila kukusudia, kwa joto la blanketi na kwa muda unaoyaacha maziwa. Kwa hiyo niruhusu nikueleze kwanza wanavyoishi, halafu tuje kwenye ndoo yako, jirani yako na kibuyu cha bibi.

Wa kwanza anaitwa Streptococcus thermophilus. Ukimtazama kwa hadubini ni viduara vilivyoungana mnyororo. Wa pili ni Lactobacillus bulgaricus, naye ni kijiti kirefu. Huyu wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa akisomea udaktari Geneva na akauchunguza mtindi wa kwao. Nitawaita wa mnyororo na wa kijiti, tusichoshane na Kilatini.

Maziwa yana protini tele, lakini sehemu kubwa ni kaseini, na bakteria hawezi kuimeza kaseini ikiwa nzima. Asidi amino zilizo huru, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini, ni chache. Wa mnyororo akiingia kwenye maziwa huzimaliza hizo chache haraka kisha anakwama, kwa sababu wengi wa jamii yake hawana kimeng'enya cha kuikata kaseini vizuri. Wa kijiti anacho. Kimekaa nje, juu ya ukuta wa seli yake, na kinapokata protini vipande huelea kwenye maziwa, yeyote aliye karibu anavichukua. Ndiyo riziki ya wa mnyororo.

Wa mnyororo naye halishwi na mwenzake bure. Hutoa asidi fomiki, ambayo wa kijiti anaihitaji ili kujenga DNA yake na hawezi kujitengenezea ya kutosha. Hutoa kaboni dioksidi kwa kuvunja urea iliyomo kwenye maziwa, na hiyo pia humchangamsha wa kijiti. Zaidi ya hapo, huimaliza oksijeni iliyoyeyuka kwenye maziwa, na wa kijiti haipendi oksijeni. Mpe kila mmoja maziwa yake peke yake, atachelewa sana kuyagandisha. Waweke pamoja kwenye nyuzijoto 42 au 43, na ndani ya saa 4 hadi 6 ndoo imeganda.

Uhusiano huu ni wa zamani kiasi cha kuwabadilisha wenyewe. Jenomu ya wa mnyororo, yaani jeni zake zote kwa jumla, ilipochapishwa mwaka 2004, ilionekana kwamba takriban jeni 1 katika kila 10 imeharibika na haifanyi kazi tena. Ameishi kwenye maziwa vizazi na vizazi, akaacha zana asizozihitaji mahali penye sukari tele na mwenzi wa kumkatia protini. Baadhi ya jeni alizo nazo leo, zikiwemo za kutengeneza asidi amino zenye salfa, zina alama za kuwa zilitoka kwa jamaa za wa kijiti. Yaani mbali na chakula, wameachiana hata urithi. Mimi hili linanigusa kila ninapolifundisha, kwa sababu limetokea ndani ya ndoo za wafugaji, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kumwona bakteria hata mmoja.

Sasa tuje kwenye ukali wa mtindi wako. Wote wawili hula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi laktiki. Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.6; pH ni kipimo cha asidi, na kadiri inavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Inaposhuka hadi karibu 4.6 kaseini inaganda, na hapo mtindi umekuwa mtindi. Lakini bakteria hawajui kwamba kazi yako imekwisha. Asidi inapoendelea kupanda, wa mnyororo hulegea mapema na kusimama pH ikishuka kidogo chini ya hapo. Wa kijiti huvumilia. Anaendelea kuchachua hadi pH ya 4 na hata chini yake. Kwa hiyo usiku wako una vipindi viwili: saa za mwanzo za kusaidiana, ambazo ndizo zinazokupa mtindi mzuri, na saa za baadaye ambapo mmoja anaendelea peke yake ndani ya asidi waliyoitengeneza wote wawili.

Ukifunika saa mbili usiku na kufunua saa moja asubuhi, hicho kipindi cha pili umekifanya kirefu kuliko cha kwanza. Asubuhi unachota mtindi wenye vijiti vingi kuliko minyororo, unautumia kama chachu, na usiku unaofuata wa kijiti anaanza akiwa mbele. Usiku wa tatu yuko mbele zaidi. Asidi inazidi. Kwa kuwa anakata protini bila kupumzika, unaanza kuonja hata uchungu kidogo chini ya ukali. Ganda nalo linajikunja na kukamua maji yake juu. Ukiutia kwenye friji hali hiyo haikomi, inapunguzwa mwendo tu, na mteja anayenywa mtindi wako siku ya tano analalamika kwa jambo lililoanzia kwenye ndoo.

Joto nalo lina upande. Kwenye nyuzijoto 42 au 43 wawili hawa wanakwenda karibu sawa. Ukianza na maziwa ya moto zaidi, kama 45 na kupanda, unampendelea wa kijiti. Ukianza na ya vuguvugu, chini ya 40, unampendelea wa mnyororo, na yakipoa zaidi unawakaribisha bakteria wengine wa hewani na wa vyombo. Arusha ya Julai na Arusha ya Februari ni miji miwili kwa ndoo iliyofunikwa blanketi. Kidole hakitoshi, dada. Nunua kipimajoto.

Siku ambazo maziwa hayagandi kabisa ni habari nyingine, na nina washukiwa wawili.

Mshukiwa wa kwanza ni dawa. Ng'ombe akivimba kiwele, mfugaji humwekea antibiotiki, mara nyingi ya jamii ya penisilini, na maziwa ya siku zinazofuata hubaki na masalia yake. Wa mnyororo ni mwepesi mno kuuawa na penisilini. Kiasi kidogo sana kinamtosha. Akifa yeye, wa kijiti anabaki bila asidi fomiki ya kutosha na ndani ya maziwa yenye oksijeni, naye anazubaa. Kuchemsha hakuondoi masalia hayo kwa kiasi cha kutegemewa. Mfugaji anapaswa kumwaga maziwa kwa siku zilizoandikwa kwenye dawa, na asiyefanya hivyo anakuharibia biashara na kumpa mtoto wa mtu antibiotiki asiyoihitaji.

Mshukiwa wa pili ni virusi. Kuna virusi wanaoshambulia bakteria peke yao, wanaitwa faji, hawana madhara kwa binadamu. Kwenye viwanda vya maziwa walitambuliwa mwaka 1935 na Whitehead na Cox huko New Zealand, waliokuwa wakitafuta sababu ya chachu za jibini kushindwa ghafla. Faji mmoja akiingia kwenye seli, baada ya muda mfupi hutoka wengi, na wa mnyororo ndiye anayepigwa zaidi kwenye mtindi. Wengine hustahimili joto la kuchemshia maziwa. Hukaa kwenye maji ya mtindi yaliyomwagika sakafuni, kwenye mpira wa kifuniko, kwenye kitambaa. Kila unaporudisha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo unawarudisha na wao.

Bakteria hawakai kimya. Mwaka 2007, Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao walionyesha kwamba Streptococcus thermophilus anayenusurika shambulio huweka kipande cha jeni za faji ndani ya jenomu yake mwenyewe, na kwa kumbukumbu hiyo vizazi vyake humkata faji yule akirudi. Mfumo huo ni CRISPR, ambao leo unatumika kuhariri jeni duniani kote. Ushahidi wa kwanza wa majaribio kwamba ni kinga ulitoka kwa bakteria wa mtindi.

Jirani yako alisema uongeze aina. Nia yake ni njema, lakini ushauri huo unaweza kukuumiza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nauona umeenea sana. Watu huamini kwamba bakteria wazuri wakiwa wengi watasaidiana. Mwaka 2012 Kevin Foster na Thomas Bell walijaribu jambo hilo kwa bakteria waliochukuliwa kwenye vidimbwi vya maji ya mvua chini ya miti. Waliwaotesha wawili wawili, wakapima kama pamoja wanafanya vizuri kuliko wakiwa kila mmoja kivyake. Jozi nyingi mno zilikuwa za kushindana. Zile za kusaidiana kwa kweli zilikuwa chache. Wawili wa mtindi ni jozi adimu iliyochujwa kwa muda mrefu. Usidhani kila mgeni utakayemtia atapata nafasi kama hiyo.

Mfano ulio karibu nawe ni Lactobacillus acidophilus, anayeuzwa kwa sifa nyingi. Tia acidophilus kwenye chachu ya kawaida, na wa kijiti atamdhuru kwa haidrojeni peroksaidi anayoitoa mtindi ukiwa umehifadhiwa. Umelipia bakteria aliyekufa kabla ya kufika kwa mteja. Bifidobacterium, kinyume chake, anasaidiwa na wa mnyororo, maana oksijeni inayomuumiza imeshaliwa. Ndoo ni ileile na wageni wote wawili wanasifiwa kwenye pakiti, lakini wanapokewa tofauti kabisa. Cha kuuliza kuhusu bakteria mpya ni nani atamlisha, na nani atamuua.

Kuna waliouliza hivyo wakapata jibu zuri. Uganda kuna chachu iliyosambazwa kwa watengenezaji wadogo kwa jina la Yoba. Ndani yake yumo Lactobacillus rhamnosus, aliyechunguzwa sana kwa kupunguza kuharisha kwa watoto. Tatizo lake ni kwamba hawezi kula laktosi, na kaseini inamshinda. Kwenye maziwa matupu anadumaa. Watafiti walimtafutia Streptococcus thermophilus mwenye uwezo wa kuvunja vyote viwili na kumwachia mwenzake sukari nyepesi na vipande vya protini. Jamii hiyo ya bakteria wawili ilipangwa kwa kujua pengo la mmoja na ziada ya mwingine. Kama unataka kuongeza faida kwenye mtindi wako, nunua chachu ya namna hiyo ikiwa nzima. Usichanganye pakiti.

Na ukitaka kweli kujaribu mchanganyiko wako, jaribu wawili wawili kwanza. Jonathan Friedman, Logan Higgins na Jeff Gore, Marekani, waliwapambanisha bakteria 8 wa udongo jozi kwa jozi, kisha wakawaweka watatu watatu. Kwa kujua tu nani humwondoa nani kwenye jozi, waliweza kutabiri watakaosalia kwenye utatu kwa usahihi wa karibu asilimia 90. Matokeo yao yalitoka 2017. Kwako ina maana kwamba vikombe vichache vya majaribio mezani vinaweza kukuambia mengi kabla hujaihatarisha ndoo ya lita 20.

Bibi yako, sasa. Alichokuwa nacho kwenye kibuyu ni jamii ya aina nyingine kabisa. Julius Mathara na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa "kule naoto", maziwa ya mgando ya Wamasai wa Kenya, na humo walioongoza walikuwa jamii ya Lactobacillus plantarum, pamoja na jamaa zake wengine, Lactococcus, Leuconostoc na kadhalika. Hawa hufanya kazi kwenye joto la kawaida la nyumba, hawahitaji nyuzijoto 42. Huja kwa zamu: Lactococcus na Leuconostoc huanza haraka maziwa yakiwa bado hayajachacha, wanaweka asidi ya kwanza, kisha asidi hiyo inawalegeza wao wenyewe na kuwafungulia njia wanaoivumilia zaidi. Hamira za asili hufuata, zikila mabaki ya sukari na hata asidi laktiki yenyewe. Kwenye jamii kama hiyo kazi moja ina watendaji kadhaa. Faji akimwangusha mmoja, mwingine anayefanana naye anaishika nafasi, na asubuhi maziwa yameganda kama kawaida. Wewe una mtendaji mmoja kwa kila kazi. Akianguka, hakuna wa akiba.

Hesabu pia zinasema hivyo. Katharine Coyte, Jonas Schluter na Kevin Foster, wakichunguza jamii za bakteria wa tumboni mwaka 2015, walionyesha kwamba jamii inayosimama juu ya kusaidiana peke yake huyumba kirahisi, kwa kuwa anayepungua humvuta na mwenzake chini. Ushindani kiasi huituliza. Ndiyo sababu chachu yako ya aina mbili ni ya kasi sana siku ikiwa nzima, na ni dhaifu siku ikiguswa.

Kibuyu chenyewe kilikuwa sehemu ya jamii. Kuta zake zina vishimo ambamo bakteria hujishikiza na kufanya utando, na moshi wa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu, aliokifukizia ulipunguza wavamizi wa juu bila kuwamaliza waliojificha. Kila maziwa mapya yalipoingia yalikuta wenyeji wengi wamekwisha kukaa, na mgeni anayefika amechelewa hupata sukari imeliwa na asidi imepanda. Wewe unapochemsha maziwa unawaondoa wakazi wote, wabaya na wazuri, na kuacha nyumba tupu yenye chakula kingi. Mbegu za bakteria wa jamii ya Bacillus hustahimili mchemko huo. Ukichelewa kutia chachu, au ukitia kidogo, ndizo zinazoota kwanza.

Hata hivyo usiache kuchemsha. Bibi alitumia maziwa mabichi, na maziwa mabichi hubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Ukali wa mtindi hauwezi kutegemewa kuviua. Pia si kila mkazi wa maziwa ya kienyeji ni wa kumkumbatia. Kwenye suusac, maziwa ya ngamia ya mgando ya Kenya na Somalia, hupatikana kwa wingi Streptococcus infantarius, ambaye ndugu zake wa karibu huhusishwa na maradhi. Aina yake ya huku ilipata jeni za kutumia laktosi kutoka kwa Streptococcus thermophilus, ikaikalia nafasi ambayo kwako anaikalia wa mnyororo. Kibuyu cha familia ni hazina, lakini mtindi wa kuuzia watu usiowajua uanze na maziwa yaliyochemshwa.

Nikiwa wewe, wiki hii ningefanya hivi. Ningenunua chachu mpya, nikatengeneza nayo lita 10 kwa uangalifu mkubwa, nikazigawa kwenye vichupa vya nusu lita vilivyochemshwa na kuvigandisha kwenye friza. Kila siku unatoa kimoja, unakitumia mara moja, hurudii mtindi wa ndoo. Vikikaribia kuisha unanunua chachu nyingine, na ni vizuri iwe ya mtengenezaji tofauti, kwa sababu faji waliozoea ya kwanza mara nyingi hawaiwezi ya pili. Tia kiasi cha asilimia 2 hadi 3, yaani gramu 20 hadi 30 kwa lita, maziwa yakiwa nyuzijoto 43. Anza asubuhi badala ya usiku, ili uwepo yanapoganda, na yakiganda tu yapoze haraka: gawanya kwenye vyombo vidogo, viweke kwenye maji baridi, kisha friji. Ndoo kubwa ikiachwa ipoe yenyewe huendelea kuchachuka katikati. Osha kila kitu, suuza kwa maji yenye klorini, halafu suuza tena kwa maji yaliyochemshwa. Sakafu usiisahau.

Siku maziwa yakigoma, chukua maziwa ya kila mfugaji kwenye kikombe chake, chemsha kila kimoja kivyake, tia chachu mpya kutoka kichupa kilekile. Kama kikombe cha mfugaji mmoja tu ndicho kisichoganda, nenda ukazungumze naye kuhusu dawa. Kama vyote vinaganda kwa chachu mpya lakini mtindi wa jana umeshindwa kwenye maziwa yaleyale, chachu yako ya kurudia ndiyo yenye shida, na faji ni wa kwanza kushukiwa.

Ikiwa baada ya haya yote ukali unabaki, peleka sampuli mbili kwenye maabara ya chuo chenye idara ya chakula, kama Sokoine kule Morogoro: moja ya mtindi uliotokana na kichupa, nyingine ya ule wa kurudia. Omba wapake rangi ya bluu ya methilini na wakuhesabie minyororo na vijiti. Ukiikuta minyororo imekaribia kupotea kwenye sampuli ya pili, punguza muda kabla hujapunguza joto, kisha niandikie uwiano waliokupa.